Alexis de Tocqueville: Mtu Aliyeipima Demokrasi, na Mizani Yake Ilivyopinda Aljeria

Ndugu wasomaji, mara nyingi katika darsa zetu za jioni tumesikia kauli mbili zinazopingana juu ya demokrasi. Mmoja husema kuwa watu wakishachagua wakubwa wao kwa kura, basi dhulma imekwisha na hapana tena la kuogopa. Mwengine husema kuwa jambo hili lote ni hila ya Wazungu, halina kheri ndani yake. Kwa rai yetu, wote wawili husema bila ya kupima. Kwa hivyo tumeona yafaa tuwasimulie maisha ya Mfaransa mmoja aliyeifanya kazi ya kupima kuwa kazi ya umri wake. Jina lake ni Alexis de Tocqueville, na hutamkwa Tokvil. Hakuwa adui wa demokrasi, wala hakuwa mpambe wake. Na kisa chake kina ibra kwetu sisi Waislamu kwa njia mbili: kwa yale aliyoyaona vyema, na kwa lile moja kubwa lililompita.

KUZALIWA KWAKE NA JAMAA ZAKE

Alizaliwa Paris tarehe 29 Julai 1805, sawa na mwaka 1220 wa Hijra, katika ukoo wa kikabaila wa Normandy, kaskazini-magharibi ya Ufaransa. Yataka tujue yaliyowapata wazee wake kabla hajazaliwa, kwani hayo ndiyo yaliyoitia moyo wake hofu isiyomtoka.

Mwaka 1789 Wafaransa waliipindua dola yao kongwe kwa jina la uhuru na usawa. Mwaka 1793 wakamuua mfalme wao, Louis wa 16. Katika hukumu ya mfalme huyo, aliyesimama kumtetea alikuwa mzee mmoja mwanasheria aitwaye Malesherbes, babu wa mamake Tocqueville. Mzee huyu katika siku za nguvu zake alikuwa akiwatetea raia mbele ya mfalme. Na mfalme alipoanguka, akamtetea mfalme mbele ya raia. Malipo yake yakawa ni kukatwa kichwa mwezi wa Aprili 1794. Na si yeye peke yake, bali pamoja na binti yake, mkwewe, mjukuu wake na mume wa mjukuu huyo.

Wazazi wa Tocqueville, Hervé na Louise, nao walikuwa gerezani wakingoja zamu yao. Waliokoka kwa kuwa Robespierre, aliyekuwa akiwachinja watu kwa jina la watu, alianguka mwezi wa Julai mwaka ule. Hervé alitoka gerezani nywele zake zimegeuka nyeupe, hali angali kijana. Na Louise aliishi na huzuni na maradhi mpaka kufa kwake.

Mtoto aliyelelewa katika nyumba kama hiyo angeweza kukua akiuchukia usawa na kuwalilia wafalme. Jamaa zake wengi ndivyo walivyokuwa. Yeye hakufuata njia hiyo.

KUSOMA KWAKE

Alifundishwa kwanza na kasisi mmoja mzee, kisha akasoma Metz, mji ambao baba yake alikuwa liwali wake. Alipokuwa na umri wa miaka 16 aliingia katika maktaba ya baba yake akasoma vitabu vya wanafalsafa, na shaka ikamwingia katika dini yake. Shaka hiyo ilimtaabisha sana, na baadaye aliihesabu kuwa ni miongoni mwa misiba mikubwa ya maisha yake. Kisha akasoma sheria, na mwaka 1827 akawekwa katika mahakama ya Versailles.

Mwaka 1830 yalitokea mambo mawili ambayo yote yatarudi katika kisa chetu. La kwanza, mwezi wa Julai watu wa Paris walimfukuza Mfalme Charles wa 10, na mahali pake akakaa Louis-Philippe. Kila mtumishi wa dola alitakiwa aape kumtii mfalme mpya. Tocqueville aliapa kwa moyo mzito, na jamaa zake wakamwona amewaacha. La pili, mwezi huo huo jeshi la Ufaransa liliuteka mji wa Algiers, na mlango wa nchi ya Aljeria ukavunjwa.

SAFARI YA MAREKANI

Kwa kuwa hakuwa na raha kwao, yeye na rafiki yake Gustave de Beaumont waliomba ruhusa ya kwenda kutazama magereza ya Marekani. Dola iliwapa ruhusa bila ya mshahara. Walipanda merikebu mwezi wa Aprili 1831, na wakakaa huko miezi tisa. Magereza waliyatazama kweli, na walitoa ripoti yake mwaka 1833. Lakini magereza yalikuwa ni sababu tu. Alichokitaka Tocqueville ni kuiona demokrasi kwao, ilipo nyumbani, bila ya mfalme na bila ya makabaila.

Walikwenda New York na Boston, wakafika katika maziwa makubwa na Quebec, wakateremka mito mpaka New Orleans, wakarudi kwa njia ya Washington. Kila walipokwenda waliwauliza watu maswali na kuandika majibu: mahakimu, wafanya biashara, makasisi, wakulima, hata wafungwa katika vyumba vyao.

Aliporudi aliandika kitabu juu ya demokrasi ya Marekani. Sehemu ya kwanza ilitoka 1835, hali hajatimiza miaka 30, na sehemu ya pili ikatoka 1840. Kitabu hiki ndicho kilichompa jina, na hata leo wanavyuoni wa siasa hawakiachi.

ALIYOYASIFU

Jambo la kwanza alilolishika ni kuwa usawa wa watu ni mto unaoteremka. Kwa karne nyingi mabwana wamekuwa wakishuka na watu wa chini wakipanda, na hakuna mfalme wala jeshi litakaloweza kuurudisha mto huo mlimani. Kwa hivyo, kwake yeye, halikuwa swali tena kama usawa utakuja. Swali ni hili: utakuja pamoja na uhuru, au utakuja pamoja na utumwa? Kwani watu wanaweza kuwa sawa hali wote ni mabwana wa nafsi zao, na wanaweza kuwa sawa hali wote ni watumwa wa mmoja.

Akatazama ni kitu gani kilichowahifadhi Wamarekani, akaona si ile katiba yao iliyoandikwa peke yake. Aliona vitu vidogo ambavyo msafiri mwengine angevipita. Katika mikoa ya kaskazini-mashariki, watu wa kila mji mdogo walikuwa wakikutana wenyewe kuamua juu ya njia, skuli na maskini wao. Raia wa kawaida walikuwa wakikaa mahakamani kuamua kama mshitakiwa ana kosa au hana. Na palipokuwa na haja, hawakumngoja liwali. Waliunda chama, wakachanga, wakajenga hospitali au kanisa au skuli. Hayo aliyaita ni madarasa ya uhuru: mtu hujifunza kutawala taifa kwa kujifunza kwanza kutawala mtaa wake. Na aliona kuwa dini imewafaa sana, kwani iliwafunga kwa ndani pale ambapo sheria haikuwafunga kwa nje.

ALIYOYAOGOPA

Hapa ndipo ilipo thamani yake, kwani wengi husifu, na wengi hutukana, lakini wachache huonya.

Hofu yake ya kwanza ilikuwa ni jeuri ya walio wengi. Mfalme akimdhulumu mtu, mtu huyo anaweza kuwakimbilia raia. Wengi wakimdhulumu, atamkimbilia nani? Baraza la kutunga sheria ni lao, mtawala ni wao, polisi ni wao, na waamuzi mahakamani ni wao. Alitoa mfano ulio hai. Katika mkoa wa Pennsylvania aliona watu weusi walio huru hawaendi kupiga kura, ilhali sheria haikuwakataza. Alipouliza, akajulishwa kuwa wanaogopa kudhuriwa, na kuwa sheria yenyewe haina nguvu pale ambapo walio wengi hawataki itumike. Basi haki iko katika karatasi, na mwenye haki yuko nyumbani kwake akiogopa.

Tena aliona kuwa jeuri hii haina haja ya minyororo. Wafalme wa zamani walipiga mwili. Walio wengi huuacha mwili salama na huishika roho. Mtu mwenye rai isiyopendwa hafungwi, lakini hutengwa: hapewi kura, hapewi heshima, na rafiki zake humwepuka kimya kimya, mpaka akanyamaza mwenyewe kana kwamba amejuta kusema kweli.

Hofu yake ya pili ilikuwa ni watu kujitenga. Hakukusudia choyo cha kila siku kinachojulikana tangu zama za Adamu. Alikusudia tabia ya mtu mwema, asiyemdhuru mtu, lakini aliyejifungia na mkewe, watoto wake na rafiki zake wachache, akaliacha lililobaki la ulimwengu liende litakavyo. Watu wakishakuwa hivi, kila mmoja hubaki peke yake, na aliye peke yake ni dhaifu.

Na hofu ya tatu ilizaliwa na ya pili. Alitabiri kuwa utakuja udhalimu wa namna mpya, usio na panga wala damu. Itasimama dola kubwa yenye upole kama wa mzazi, itakayowashughulikia watu riziki yao, starehe yao na usalama wao, na kuwawekea kanuni ndogo ndogo katika kila jambo. Lakini mzazi hukusudia mtoto akue. Dola hii itataka watu wabaki watoto. Watatoka katika utumwa wao kwa siku moja, wamchague bwana wao, kisha warudi.

WALIOKUWA NJE YA HESABU

Tocqueville hakuwa kipofu kwa waliodhulumiwa Marekani. Alipoteremka mto wa Ohio aliona upande mmoja nchi isiyo na watumwa, mashamba yake na viwanda vyake vikistawi, na upande wa pili Kentucky yenye watumwa, kazi zake zimelala. Akaeleza kuwa utumwa humharibu mtumwa na bwana pamoja. Na katika baridi kali ya mwezi wa Disemba 1831, penye mji wa Memphis, aliwaona Wahindi Wekundu wa kabila la Choctaw wakivushwa mto wa Mississippi kutolewa katika nchi yao, wazee na wagonjwa na watoto wachanga kati yao. Aliandika kwa uchungu juu ya namna Wamarekani walivyowanyang'anya watu hawa ardhi yao kwa utaratibu wa sheria, kwa mikataba na mihuri, bila ya kuona haya. Na mwaka 1839, alipokwisha kuwa mjumbe katika baraza la Ufaransa, aliandika ripoti ya kutaka watumwa wa makoloni ya Ufaransa waachwe huru, jambo lililotimia mwaka 1848.

Mtu wa namna hii, ndugu wasomaji, tungetaraji aseme nini alipoiona Aljeria?

TOCQUEVILLE NA ALJERIA

Tangu 1832 Waislamu wa magharibi ya Aljeria walikuwa wamempa baia Amiri Abdulkadir, kijana mwanachuoni na shujaa, naye alipigana na Wafaransa kwa muda wa miaka kumi na tano. Tocqueville aliisoma Kurani kwa tafsiri mwaka 1838, lakini aliifunga akiwa na rai mbaya juu ya dini yetu. Mwaka 1841 alikwenda Aljeria mwenyewe, akapata maradhi, akarudi baada ya muda mfupi. Mwaka ule ule aliandika waraka juu ya mambo ya nchi hiyo.

Katika waraka huo alikiri kuwa Wafaransa wanapigana vita kwa ukatili unaowapita Waarabu, na kuwa kwa wakati ule ustaarabu ulikuwa upande wa Waarabu. Baada ya kukiri hayo, akaandika kuwa kuchoma mavuno, kumwaga maghala ya nafaka na kuwakamata watu wasio na silaha, pamoja na wanawake na watoto, ni mambo ya kusikitisha, lakini hayana budi kwa taifa linalotaka kuwapiga vita Waarabu. Tena akashauri ziwepo sheria mbalimbali, za Wazungu mbali na za wenyeji, na kuwa Wazungu wa huko watungiwe sheria kana kwamba wako peke yao katika nchi. Mtu aliyewalaumu Wamarekani kwa kuwaondoa Choctaw, aliandika hivi juu ya Waislamu.

Naye hakuwa na udhuru wa kutojua. Alirudi tena Aljeria mwaka 1846, na mwaka 1847 alileta ripoti mbele ya baraza. Humo alieleza wazi kuwa Ufaransa imeyachukua mapato ya wakfu, ambayo ndiyo yaliyokuwa yakiwalisha maskini na kuendesha madrasa. Kuwa skuli zimeachwa zikafa na wanavyuoni wametawanyika. Na kuwa Ufaransa imewafanya Waislamu wa nchi ile kuwa maskini zaidi na wajinga zaidi kuliko ilivyowakuta. Sisi watu wa Pwani tunaojua wakfu ni nini kwa misikiti yetu na visima vyetu na mayatima wetu, twafahamu vyema uzito wa maneno hayo. Akaonya pia kuwa Ufaransa ikiendelea kuwaona wenyeji kuwa ni kizuizi tu cha kuondolewa, nchi ile itakuwa uwanja uliofungwa ambamo mataifa mawili yatapigana bila ya huruma.

Lakini dawa aliyoitaka ilikuwa ni kuwatawala vizuri zaidi, si kuwaachia nchi yao wala kuwapa sauti sawa. Kwa nini? Kwa sababu aliogopa kuwa Ufaransa ikitoka Aljeria itashuka hadhi mbele ya Uingereza, na Wafaransa wenyewe, waliozama katika fedha na starehe, watapoteza ari yao. Yaani aliitafutia nchi yake dawa ya ugonjwa wake katika damu ya watu wengine.

Amiri Abdulkadir alisalimu mwezi wa Disemba 1847 kwa ahadi ya kupelekwa Alexandria au Akka. Ahadi hiyo ilivunjwa, akafungwa Ufaransa mpaka 1852. Na ule uwanja uliofungwa ulionekana: vita vilivyoanza 1954 havikwisha ila Waaljeria walipopata uhuru wao mwaka 1962.

MWISHO WA MAMBO YAKE

Tarehe 27 Januari 1848 Tocqueville alisimama katika baraza akawaonya wenzake kuwa wamelala juu ya mlima wa moto. Hawakumsikiliza, na kabla ya mwezi kwisha mfalme alipinduliwa. Yeye mwenyewe aliingia katika kamati ya kutunga katiba ya jamhuri mpya, akaunga mkono sharti kuwa raisi asichaguliwe mara mbili mfululizo. Baadaye alilijutia. Watu walimchagua Louis-Napoleon, mtoto wa nduguye Napoleon wa kwanza. Tocqueville alikuwa waziri wake wa mambo ya nje kwa miezi michache mwaka 1849. Muda wa raisi huyo ulipokaribia kwisha, na sheria haikumpa njia ya kubaki, aliipindua jamhuri tarehe 2 Disemba 1851. Wajumbe zaidi ya mia mbili waliokutana kumpinga walikamatwa, na Tocqueville ni mmoja wao. Kisha Louis-Napoleon aliwataka watu wapige kura, na zaidi ya milioni 7 wakaikubali kazi yake. Mwaka wa pili akawa mfalme. Lile aliloliogopa miaka kumi na mbili nyuma, alilishuhudia kwa macho yake: watu wanaoutoa uhuru wao kwa mikono yao wenyewe.

Alitoka katika siasa asirudi tena. Mwaka 1856 alitoa kitabu juu ya dola kongwe ya Ufaransa na mapinduzi yake. Alionyesha humo kuwa wafalme ndio waliotangulia kuyaua mabaraza ya miji na kukusanya amri zote Paris, na mapinduzi yakakuta kazi imekwisha kuanzwa, yakaimaliza. Alifariki kwa kifua kikuu katika mji wa Cannes tarehe 16 Aprili 1859, mwaka 1275 wa Hijra, na umri wake ni miaka 53. Hakuacha mtoto. Alizikwa Normandy, katika kijiji chenye jina la ukoo wake.

LA KUSHIKA NA LA KUACHA

Insafu yataka tuseme yote mawili. Aliloliona juu ya walio wengi ni kweli, nasi tulio wachache katika taifa letu tuna haja ya kulijua kuliko wengine: kura huhesabu watu, haipimi haki. Na alilolisema juu ya kujitenga latuhusu zaidi. Ni wangapi kati yetu watu wema, wanaoswali na wasiomdhuru mtu, ambao hawaji katika mkutano wa mtaa, hawaulizi hesabu ya skuli wala ya wakfu, kisha hulalamika kuwa mambo yamekwenda kombo? Dhulma hiyo hatukuletewa na mtu. Twaipisha mlangoni sisi wenyewe.

Na la kuacha ni mizani yenye sahani mbili zisizolingana. Tocqueville hakukosa ilimu wala huruma. Alikosa kuwatia Waislamu wa Aljeria katika hesabu ile ile aliyowatia Wafaransa. Lakini tusifanye haraka kumcheka. Watumwa wa Pwani yetu hii hawakuachwa huru kwa sheria ila mwaka 1907, na kabla ya hapo walikuwako watu wetu wa ilimu na ibada waliowalaumu Wazungu kwa dhulma zao, hali majumbani mwao na mashambani mwao mna wasiohesabiwa. Kila dola na kila jamaa ina watu wake walio nje ya hesabu. Basi mtu akitaka kuijua haki ya serikali, au ya mji, au ya nyumba yake mwenyewe, asiwaulize walio ndani tu. Na atoke nje awaulize wao.